Kuongeza kumbukumbu ya programu katika PLC

Kidhibiti cha kiwandani kinachoprogramiwa, ambacho mafundi hukiita PLC tu, husoma hali ya swichi na vitambuzi, hupitia programu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha huwasha au kuzima kontakta, vali na taa. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi katika sekunde moja. Programu na data zake hukaa katika kumbukumbu yenye ukubwa maalumu. Mtambo unapoongezewa pampu, konveya au mizani ya kupimia, programu nayo hunenepa, mpaka siku moja laptopu inakataa kuipeleka kwenye CPU, moduli kuu ya PLC inayoendesha programu, kwa sababu nafasi haitoshi.

Ujumbe huo ukitokea, wengi huagiza kadi kubwa zaidi. Mara nyingi ni pesa iliyotupwa. PLC ina kumbukumbu zaidi ya moja ndani yake, na kadi huongeza mojawapo tu, tena si ile inayojaa kwa kawaida. Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima. Kununua huja mwisho, kama kutahitajika.

## Kumbukumbu ipi imejaa?

Familia ya Siemens SIMATIC S7 inafaa kuwa mfano mkuu, kwa kuwa inatenganisha kumbukumbu zake waziwazi. Kuna aina tatu za kuzingatia.

Kumbukumbu ya hifadhi, ambayo kwenye skrini ya programu ya Siemens huandikwa "Load memory", hutunza programu nzima hata umeme ukikatika. Katika S7-300 za kadi ndogo ya MMC na katika S7-1500, hifadhi hiyo ni kadi yenyewe, na bila kadi CPU haifanyi kazi. Katika S7-1200 hifadhi imo ndani ya CPU, na kadi ni ya hiari.

Kumbukumbu ya kazi, "Work memory", ndiko programu inakotekelezwa. CPU hunakili kutoka hifadhini sehemu zinazohitajika wakati wa kuendesha mtambo. Hifadhi ni kama ghala, na kumbukumbu ya kazi ni meza ya fundi: ghala likipanuliwa, meza inabaki na upana uleule. Katika S7-300, S7-1200 na S7-1500 meza hiyo imejengwa ndani ya CPU, na hakuna kadi inayoipanua.

Kumbukumbu isiyofutika, "Retain memory", hubeba thamani zinazotakiwa kubaki baada ya umeme kukatika: idadi ya chupa zilizojazwa, saa za kazi za mota, viwango vilivyowekwa na mwendeshaji. Katika S7-1200 ni ndogo sana. Matoleo ya kwanza ya famwea (programu ya ndani ya CPU yenyewe) 4 yaliipa kilobaiti 10 tu.

Ukubwa wa kumbukumbu ya kazi hutegemea CPU iliyonunuliwa. Katika S7-1200 zenye matoleo ya kwanza ya famwea 4, mgawanyo ni huu:

| CPU | Kumbukumbu ya kazi |
|---|---|
| 1211C | KB 50 |
| 1212C | KB 75 |
| 1214C | KB 100 |
| 1215C | KB 125 |
| 1217C | KB 150 |

CPU 1214C ina hifadhi ya ndani ya MB 4. Ikipewa kadi ya GB 2, hifadhi huongezeka mara mia kadhaa, lakini kumbukumbu ya kazi hubaki KB 100 zilezile. Programu iliyokataliwa kwa kukosa nafasi ya kazi itakataliwa tena, safari hii kadi ya bei kubwa ikiwa ndani.

S7-1500 ina jambo jingine la kuangalia. Kumbukumbu yake ya kazi imegawanywa sehemu mbili, upande wa msimbo na upande wa data, na hakuna kukopeshana. CPU 1511-1 PN ya kizazi cha kwanza ina KB 150 za msimbo na MB 1 ya data. Msimbo unaweza kujaa huku data ikiwa imetumia robo tu ya nafasi yake, na kufuta data hakutasaidia chochote.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache:

1. Fungua mradi ulio sawa kabisa na programu iliyomo ndani ya CPU. Mradi wa zamani utatoa vipimo vya zamani.
2. Katika TIA Portal, programu ya Siemens ya kuandikia PLC, fungua "Program info" chini ya jina la CPU, kisha ukurasa wa "Resources". Katika STEP 7 ya zamani, pita kwenye taarifa za moduli, ukurasa wa "Memory".
3. Andika asilimia ya kila kumbukumbu: hifadhi, kazi na isiyofutika. Kwa S7-1500 andika msimbo na data kila kimoja peke yake.
4. Tazama orodha ya bloku, yaani vipande vinavyounda programu na data, pamoja na ukubwa wake, na weka alama kwenye bloku kumi kubwa zaidi. Karibu kila mara tatizo limejificha humo.

Hifadhi ikiwa ndiyo iliyojaa, kadi ni jibu sahihi. Iliyojaa ikiwa ni kumbukumbu ya kazi, zimebaki njia mbili: kupunguza programu au kubadilisha CPU. Ikiwa ni isiyofutika, mara nyingi mtu aliweka alama ya kutofutika kwenye bloku nzima wakati thamani tatu au nne tu ndizo zinazostahili.

## Kupata nafasi bila kununua kitu

Hatua hii hurukwa kwa kuwa inahitaji kuisoma programu, na kusoma programu ya mtu mwingine ni kazi ngumu. Hata hivyo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, hasa kwenye mitambo iliyopita mikononi mwa mafundi watatu au wanne.

Panapofaa kuanzia ni matini. Katika S7, kigeu cha matini kikitangazwa bila kutajwa urefu, hupewa nafasi ya herufi 254 na hula baiti 256. Kigeu hicho kikitangazwa kuwa na herufi 20, hula baiti 22. Bloku yenye majina 100 ya bidhaa iliyoandikwa kivivu hula baiti 25,600. Ikiandikwa kwa makini hula 2,200. Kwenye CPU ya KB 100, tofauti hiyo peke yake ni karibu robo ya kumbukumbu yote ya kazi, na programu haijapoteza hata mstari mmoja.

Kisha zitafutwe bloku zisizoitwa. Muundo wa miito huonyesha kila bloku inaitwa na nani, na zile zisizoitwa na yeyote hubaki peke yake. Nyingi ni mabaki ya majaribio au nakala zenye majina kama "Mota_zamani". Kabla ya kufuta, ihakikishwe kwamba skrini ya mwendeshaji au mfumo wa kukusanya data hausomi bloku hiyo moja kwa moja, kwa kuwa usomaji wa namna hiyo hauonekani kwenye muundo wa miito. Kosa la kuifuta hugundulika zamu ya usiku, pale namba kwenye skrini zinapogeuka alama za reli.

Msimbo uliorudiwa ni mlaji mwingine mkubwa. Mtambo wenye mota 20 ambao fundi alinakili mantiki ya mota moja mara 20 unaweza kuandikwa upya kwa bloku moja ya kazi inayoitwa mara 20, kila mota ikiwa na data yake ndogo. Msimbo hubaki mmoja. Hii ni kazi ya siku kadhaa na inahitaji kujaribiwa mota moja baada ya nyingine, kwa hiyo haifanywi siku ya dharura.

Kuna pia akiba iliyofichika. Katika S7-1200 na S7-1500, kila bloku ya data yenye mpangilio wa kisasa hutengewa akiba, kwa kawaida baiti 100, ili vigeu viweze kuongezwa bila kufuta thamani zilizopo. Bloku 300 zina akiba ya baiti 30,000. Kwa bloku ambazo hazitabadilika tena, akiba hiyo inaweza kushushwa katika sifa za bloku.

Data ambayo haitumiki kila mzunguko, kama mapishi ya bidhaa, inaweza kuachwa hifadhini tu bila kunakiliwa kwenye kumbukumbu ya kazi. Sifa ya bloku inayofanya hivyo katika TIA Portal ni "Only store in load memory". Data husomwa kwa amri ya READ_DBL na kuandikwa kwa WRIT_DBL. Hapa ndipo kadi inaposaidia kumbukumbu ya kazi, ingawa kwa njia ya kuzunguka: ghala kubwa huruhusu vitu vingi viondolewe mezani.

> TAHADHARI: kadi huchakaa kwa kuandikwa
> Kadi ya MMC ya S7-300 imeundwa kustahimili takriban mara 100,000 za kufuta na kuandika. WRIT_DBL ikiwekwa ili iandike kila sekunde, idadi hiyo hufikiwa kwa saa 28 hivi. Ikiandika kila dakika, kadi hufika mwisho kwa takriban siku 69. Amri hii iitwe tu pale mwendeshaji anapohifadhi pishi jipya au zamu inapofungwa, na kamwe isiachwe wazi katika mzunguko mkuu.

Katika S7-300 na S7-400, kupeleka na kufuta bloku mara kwa mara huacha mapengo katikati ya kumbukumbu, na bloku kubwa hukosa mahali pa kukaa ingawa nafasi ya jumla ipo. Kitufe cha "Compress" kwenye ukurasa wa "Memory" husogeza bloku pamoja. Hufanya kazi vizuri zaidi CPU ikiwa katika STOP.

## Kabla ya kugusa kadi: thamani za sasa

Makosa ya gharama kubwa katika kazi hii hayatokani na kadi kuwekwa vibaya. Hutokana na thamani zilizopotea.

Kila kigeu katika bloku ya data kina thamani ya mwanzo, aliyoiandika mprogramu, na thamani ya sasa, iliyomo ndani ya CPU inayofanya kazi. Mtambo uliowashwa kwa mara ya kwanza ukiwa na joto la tanuri la nyuzi 180 huenda sasa unaendeshwa kwa nyuzi 192, baada ya waendeshaji kurekebisha kidogo kidogo kwa miaka. Namba 192 imo ndani ya CPU peke yake. Kadi mpya ikiingia na bloku zikapelekwa kutoka mradi wa zamani, tanuri hurudi 180, vipimo vya mizani hurudi vya kiwandani, na saa za kazi za mota zinaanza sifuri. Mtambo utawaka bila hitilafu yoyote. Bidhaa ndiyo itakayoharibika, na itachukua muda kujua kwa nini.

Kwa hiyo, kabla ya kadi kutolewa:

1. Vuta programu yote kutoka CPU na uilinganishe na mradi uliomo kwenye laptopu. Bloku zikitofautiana, inayoaminika ni ile iliyomo ndani ya CPU.
2. Ikiwa hakuna mradi kabisa, vuta kituo kizima pamoja na usanidi wa vifaa. Katika S7-300 maelezo na majina ya vigeu hayamo ndani ya CPU, kwa hiyo programu itakayopatikana itakuwa na anwani tupu. Itafanya kazi, ila itasomeka kwa shida.
3. Vuta bloku za data zikiwa na thamani za sasa. Hifadhi nakala hiyo chini ya jina lenye tarehe, mbali na mradi mkuu.
4. Piga picha za kurasa za mipangilio kwenye skrini ya mwendeshaji. Ni hatua ya kizamani, lakini picha husomeka hata laptopu ikigoma.
5. Hakikisha nywila ya CPU inajulikana, kama ipo.
6. Weka nakala ya vyote kwenye kifaa cha pili. Laptopu moja haitoshi kuwa hifadhi.

> TAHADHARI: mtambo utasimama
> Kubadilisha kadi kunaiweka CPU katika STOP na matokeo yote, yaani ishara za kuwasha kontakta, vali na taa, huzimika au hushika hali iliyosanidiwa. Mzigo ulioning'inia, tanuri lenye moto, tangi lenye shinikizo na mchanganyiko unaoganda haviwezi kusubiri. Kazi ipangwe pamoja na msimamizi wa uzalishaji, mtambo ufikishwe katika hali salama kwa mkono, na umeme wa nguvu wa mota ufungwe kwa kufuli yenye lebo ya jina la fundi. Kuizima CPU si sawa na kuzima mota.

## Kubadilisha kadi ya S7-300

Kadi za MMC zimetengenezwa kwa ukubwa wa KB 64, 128 na 512, kisha MB 2, 4 na 8. Herufi mbili katika namba ya oda baada ya 6ES7953-8 huonyesha ukubwa: LJ ni KB 512, LL ni MB 2, LM ni MB 4, LP ni MB 8. CPU 312 hukubali hadi MB 4 tu. Kadi inafanana kwa umbo na kadi za simu za zamani, jambo linalowavutia watu kununua mbadala wa bei rahisi, lakini CPU haitaukubali.

Vilevile kadi ya Siemens isifomatiwe kwenye Windows. Ikichomekwa kwenye kisomaji cha kawaida cha laptopu na mtu akakubali ombi la kuifomati, mpangilio wake wa ndani hufutika na PLC haiitambui tena. Kwa S7-1200 na S7-1500, mafaili yaliyofichwa ya __LOG__ na crdinfo.bin nayo yasifutwe, hata yakionekana kama takataka.

1. Jishike na sehemu ya chuma iliyounganishwa na ardhi, au vaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli.
2. Geuza swichi ya CPU kuwa STOP. Hakikisha hakuna laptopu wala skrini inayoandika kitu.
3. Zima umeme wa CPU.
4. Toa kadi ya zamani na uiandikie lebo: jina la mtambo, tarehe na neno "ya zamani". Isitumiwe kwa kazi nyingine mpaka mtambo uwe umekwenda wiki kadhaa bila tatizo.
5. Chomeka kadi mpya mpaka ishike.
6. Washa umeme. Taa ya STOP itawaka na kuzima polepole, ishara kwamba CPU inaomba kumbukumbu ifutwe.
7. Sukuma swichi hadi MRES, nafasi ya kufuta kumbukumbu, na uiachilie. Subiri taa ya STOP itulie.
8. Peleka usanidi wa vifaa kwanza, kisha bloku zote, zikiwemo bloku za data zenye thamani zilizovutwa.
9. Linganisha tena mradi na CPU. Tofauti yoyote ielezwe kabla ya kuendelea.
10. Geuza swichi kuwa RUN huku umeme wa mota ukiwa bado umefungwa, na uangalie matokeo yanavyowaka kwenye moduli.

Kadi isitolewe wakati CPU iko RUN. CPU itaingia STOP papo hapo, na kama kulikuwa na uandishi unaoendelea, yaliyomo kwenye kadi yanaweza kuharibika.

## Kadi ya S7-1200

Hapa kosa la kawaida ni kuchanganya aina za kadi. Kadi ya programu huchukua nafasi ya hifadhi ya ndani na lazima ibaki ndani ya CPU siku zote. Kadi ya uhamisho hupeleka programu kwenye hifadhi ya ndani kisha hutolewa. Haiongezi nafasi hata kidogo. Ya tatu hubeba famwea mpya. Anayetaka kuongeza hifadhi anahitaji ya kwanza.

Kadi tupu ya Siemens ikichomekwa, swichi yake ya kuzuia kuandika ikiwa wazi, CPU huingia STOP. Umeme ukizimwa na kuwashwa, CPU huhamisha programu kutoka hifadhi ya ndani hadi kwenye kadi, kisha hufuta ya ndani. Sentensi hiyo inafaa kusomwa mara mbili. Kuanzia hapo programu iko kwenye kadi peke yake, na fundi atakayeitoa "kuiangalia tu" ataacha CPU bila programu. Lebo ndogo ubavuni mwa CPU, KADI ISITOLEWE, huzuia hilo kwa gharama ya kipande cha karatasi.

Kadi za kawaida za SD za kamera au simu hazikubaliki.

## Kaseti ya Mitsubishi FX2N

Mitambo midogo mingi ya zamani bado inaendeshwa na FX2N, na huko kumbukumbu ya programu huongezeka kweli. Kumbukumbu ya ndani hubeba hatua 8,000 za programu, na kwa kaseti hufika 16,000.

Kuna mtego mmoja: kaseti haijumlishwi na kumbukumbu ya ndani. Ikichomekwa, ya ndani huwekwa kando na kaseti hushika kazi yote. FX-EEPROM-16 hutoa hatua 16,000, si 24,000. FX-EEPROM-4 hupunguza uwezo hadi hatua 4,000. Mantiki hiyohiyo imo katika FX3U, yenye hatua 64,000 ndani: kaseti ya FX3U-FLROM-16 huishusha hadi 16,000.

1. Soma programu na data kutoka PLC na uzihifadhi.
2. Zima umeme, fungua kifuniko cha juu na uchomeke kaseti bila kulazimisha.
3. Weka swichi ya kuzuia kuandika kwenye kaseti katika hali ya wazi.
4. Washa umeme, PLC ikiwa STOP.
5. Katika vigezo vya PLC kwenye programu ya laptopu, badilisha uwezo wa kumbukumbu kutoka 8,000 hadi 16,000. Hatua hii ikisahauliwa, kaseti imo ndani lakini laptopu bado inahesabu 8,000.
6. Andika programu pamoja na vigezo, thibitisha, kisha rudisha swichi ya kuzuia kuandika.

Kabla ya kununua kaseti, itazamwe nafasi iliyotengwa kwa maelezo na rejista za faili. Kila kifungu cha maelezo 50 hukata hatua 500 kutoka kumbukumbu ya programu. Vifungu sita ni hatua 3,000, zaidi ya theluthi moja ya uwezo wote wa ndani. Maelezo yakibaki kwenye laptopu peke yake, huenda kaseti isihitajike. Kaseti ya FX-RAM-8, tofauti na za EEPROM, hutegemea betri ya PLC. Betri ikifa, programu inakwenda nayo.

## Pale ambapo CPU ndiyo ya kubadilishwa

Katika ControlLogix ya Allen-Bradley, kadi ya SD hutunza nakala ya programu ili irejeshwe baada ya hitilafu. Haiongezi nafasi ya kuendeshea. Katika mfululizo wa 5570, uwezo huchaguliwa kwa kuchagua CPU: L71 ina MB 2, L72 MB 4, L73 MB 8, L74 MB 16 na L75 MB 32. Upande wa Siemens, baadhi ya CPU 417-4 za zamani za S7-400 zilikuwa na nafasi za kuchomeka moduli za kumbukumbu ya kazi, lakini hiyo ni hali ya pekee. Kwa nyingine zote, kumbukumbu ya kazi ikijaa na programu ikiwa imeshasafishwa, CPU kubwa zaidi ndiyo njia iliyobaki.

Mabadiliko ndani ya familia moja ni mepesi kuliko yanavyoonekana, mradi mambo manne yaangaliwe: CPU mpya ina milango ileile ya mawasiliano; anwani zake kwenye mtandao zimewekwa kama za zamani; toleo la programu ya laptopu linaitambua; na upana wake unaenea kwenye reli. CPU 319-3 ya S7-300, kwa mfano, ina upana wa mm 120, na moduli za jirani zitasogezwa. Kwa S7-300 kuna hesabu nyingine: Siemens iliitoa katika orodha ya bidhaa za kawaida Oktoba 2023 na kuiacha kama vipuri. Mtambo unaotarajiwa kukua zaidi unastahili kupelekwa S7-1500 badala ya kununuliwa CPU nyingine ya familia inayoondoka.

## Ukaguzi kabla ya kukabidhi

Programu iliyoongezwa huchukua muda zaidi kupitiwa. S7 huweka kikomo cha mzunguko cha milisekunde 150 kikiwa hakijabadilishwa, na katika S7-300 isiyo na OB 80 (bloku ya kushughulikia kosa la muda), mzunguko ukizidi kikomo CPU huingia STOP. Muda mrefu zaidi wa mzunguko usomwe mtambo ukiwa na kazi nyingi, si ukiwa umetulia.

- ☐ Asilimia za kumbukumbu zimesomwa upya na kuandikwa
- ☐ Programu ya CPU na ya laptopu zinalingana
- ☐ Viwango, vipimo na mapishi vimelinganishwa na picha zilizopigwa mwanzo
- ☐ Vitufe vya dharura na swichi za milango vimejaribiwa kimoja kimoja
- ☐ Kila tokeo limejaribiwa kabla ya kufungua kufuli za mota
- ☐ Umeme wa CPU umezimwa kwa dakika kadhaa na kuwashwa; programu na thamani zimerudi
- ☐ Muda wa mzunguko umesomwa chini ya mzigo
- ☐ Hakuna ujumbe mpya wa hitilafu kwenye kumbukumbu ya matukio ya CPU
- ☐ Swichi ya kuzuia kuandika imerudishwa inapohusika
- ☐ Nakala mpya ya mradi imehifadhiwa mahali pawili

Jaribio la kuzima umeme ndilo linalorukwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayetaka kuusimamisha mtambo uliokwisha kuamka. Lifanywe wakati fundi bado yupo na laptopu yake imefunguliwa. Ndani ya mlango wa paneli ibandikwe karatasi yenye aina ya CPU, toleo la famwea, ukubwa na aina ya kadi au kaseti, asilimia ya kila kumbukumbu siku ya kazi, na mahali nakala ya mradi ilipo.